KUFUATILIA MILIPUKO YA KIPINDUPINDU NA MALENGO YA AFYA YA JAMII: MAFUNZO KUTOKA WILAYA ZA TARIME NA SERENGETI

Maelezo yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali, masheha, walimu na wananchi wa Unguja na Pemba. Wakuu wa idara wanaombwa kuyabandika mahali ambapo watumishi wao watayasoma, na masheha wanaombwa kuyasoma katika mikutano ya shehia.



1. Utangulizi

Kipindupindu ni maradhi ya kuharisha majimaji yanayosababishwa na kijidudu kinachoingia mwilini kwa njia ya maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye vijidudu hivyo. Maradhi huanza baada ya saa chache hadi siku 5. Mgonjwa aliyezidiwa hupoteza maji mengi kwa muda mfupi, na asipotibiwa anaweza kufariki siku hiyo hiyo. Akiwahi kupewa maji ya chumvi na sukari, au dripu ikiwa hali yake ni mbaya, karibu kila mgonjwa hupona. Hakuna maradhi mengi yanayoua haraka kiasi hiki, wala mengi yanayotibika kwa urahisi kiasi hiki.

Swali linalozungumzwa hapa si la tiba. Ni la ufuatiliaji: maradhi yakizuka, hujulikanaje yametoka wapi, yanakwenda wapi, na yanasema nini juu ya maji, vyoo na utumishi wa mahali hapo? Mfano uliochaguliwa ni wa wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa wa Mara, kaskazini magharibi ya Tanzania Bara. Huenda msomaji akajiuliza wilaya hizo, zilizo mbali na bahari, zinavihusu vipi visiwa hivi. Jibu la swali hilo limo katika historia.

2. Njia ya zamani: kutoka bara hadi pwani

Katika miaka ya 1869 na 1870 Zanzibar ilipatwa na kipindupindu kikubwa kilichoua maelfu ya watu. Haikuwa mara ya kwanza. Maradhi hayo yalikwisha kufika pwani hii mwaka 1821, kisha 1836 na 1837, na tena 1858 na 1859. Wakati huo alikuwapo Unguja daktari mmoja kutoka Scotland, James Christie. Hakuridhika na maelezo kwamba maradhi hutoka hewani. Aliwauliza wafanyabiashara wa misafara, mabaharia na wasafiri wa bara: wapi wameyaona maradhi, lini, na walikuwa wakielekea wapi. Akazipanga tarehe kwa mfuatano. Kitabu chake kilichotolewa mwaka 1876 kilionyesha kwamba safari hii maradhi hayakuja kwa jahazi kutoka Bahari ya Hindi. Yalipita nchi kavu, kutoka upande wa Bahari ya Sham na Uhabeshi, yakavuka nchi ya Wamasai, yakafika Pangani, na kutoka Pangani yakavuka bahari hadi Unguja.

Hivyo basi, tangu zaidi ya miaka 150 iliyopita imejulikana kwamba nyika za bara na bandari za visiwani zimeunganishwa na njia moja ya maradhi. Leo misafara ya miguu haipo, lakini yapo mabasi, boti za kasi na ndege. Mtu anayenunua dagaa au ng'ombe mnadani bara anaweza kuwa Malindi, mjini Unguja, kabla siku 5 za maradhi kujificha hazijamalizika.

Christie hakuwa na darubini ya kumwonyesha kijidudu. Alikuwa na tarehe, majina ya mahali na subira. Kadhalika daktari John Snow wa London, mwaka 1854, aliweka alama ya kila kifo kwenye ramani ya mtaa na kuona kwamba vifo vimejikusanya karibu na pampu moja ya maji iliyokuwa katika Broad Street. Kufuatilia maradhi ni kazi ya kuuliza, kuandika na kupanga kabla haijawa kazi ya maabara. Ni kazi ambayo karani, sheha na mwalimu wanaweza kushiriki.

3. Wilaya mbili na mto mmoja

Mto Mara una urefu wa kilomita 395 hivi. Unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unapita katika hifadhi ya Maasai Mara, unaingia Tanzania kupitia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na baada ya hapo unapita kati ya vijiji vya Tarime kwa upande wa kaskazini na vya Serengeti kwa upande wa kusini, hadi kwenye eneo kubwa la majimaji na mafunjo kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Takriban theluthi mbili ya bonde la mto huo iko Kenya na theluthi moja iko Tanzania.

Kwa watu wa kandokando, mto huo na vijito vyake ni maji ya kunywa, ya kuoga, ya kufulia na ya kunyweshea mifugo. Mvua za vuli na za masika hukusanya uchafu wa juu ya ardhi na kuusukuma mtoni. Kiangazi kikiwa kikali, visima hukauka na watu wengi zaidi huteremka kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Kwa hiyo hatari ipo katika majira yote mawili, kwa sababu zilizo tofauti. Hili ni jambo la kuzingatiwa na yeyote anayedhani kwamba kipindupindu ni maradhi ya mvua tu.

Mambo mengine matatu yanazifanya wilaya hizi kuwa mfano mzuri wa kujifunzia.

(a) Mpaka. Tarime imepakana na Kenya, na mji wa Sirari ni njia kuu ya barabara kati ya nchi hizo mbili. Jamii ya Wakurya inaishi pande zote za mpaka. Ndugu hutembeleana kwa harusi, misiba na masoko pasipo kupita daima mbele ya ofisi ya uhamiaji.

(b) Mkusanyiko wa watu. Machimbo ya dhahabu katika eneo la Nyamongo huvuta wachimbaji wadogo, wachuuzi na mama lishe kutoka sehemu nyingi. Mahali penye watu wageni wengi, idadi ya vyoo na mabomba huwa nyuma ya idadi ya watu.

(c) Mtawanyiko wa kaya. Nje ya miji ya Tarime na Mugumu, kaya nyingi zimetawanyika. Mgonjwa anaweza kuwa mbali na zahanati, na mtu anaweza kufariki nyumbani bila jina lake kuandikwa katika daftari lolote la afya.

Watu wengine huuliza kama wanyama wa porini au ng'ombe wanaovuka mto ndio wanaoleta kipindupindu. Kijidudu chake kinaweza kuishi majini, pamoja na viumbe vidogo vya majini, lakini kinachoeneza maradhi kutoka kijiji hadi kijiji ni kinyesi cha binadamu. Kinyesi cha mifugo kinaleta maradhi mengine na maji yenye kinyesi hicho hayafai kunywewa. Hata hivyo kumlaumu nyumbu au ng'ombe ni kumwacha mwenye choo kibovu aende zake.

4. Ufuatiliaji unavyofanyika

Mwezi Septemba 1998, Kamati ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilikutana Harare na kupitisha mpango wa kuunganisha ufuatiliaji wa maradhi, ili kila nchi iwe na mfumo mmoja badala ya kila mradi kuwa na daftari lake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuutekeleza. Kwa mujibu wa mpango huo, kipindupindu ni maradhi ya kutolewa taarifa mara moja, yaani ndani ya saa 24, na hayangoji ripoti ya wiki wala ya mwezi. Hatua zake kwa ufupi ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kumtambua mgonjwa wa kushukiwa. Mahali ambapo hakuna mlipuko, mtu yeyote mwenye umri wa miaka 2 au zaidi anayeharisha majimaji na kupungukiwa sana na maji mwilini, au aliyekufa kwa kuharisha huko, anashukiwa kuwa na kipindupindu. Kipimo hiki kimewekwa kuwa rahisi kwa makusudi, ili mhudumu wa zahanati ya kijiji aweze kukitumia bila kumsubiri daktari wa wilaya.

Hatua ya pili ni kuthibitisha. Kinyesi cha wagonjwa wa mwanzo hupelekwa maabara. Mgonjwa mmoja tu akithibitishwa, mlipuko umekuwapo. Baada ya hapo si lazima kumpima kila mtu. Wanaendelea kupimwa wachache, ili kujua kama maradhi bado ni yale yale na kama dawa bado zinayaweza.

Hatua ya tatu ni orodha. Kila mgonjwa huandikwa katika mstari wake: umri, jinsia, kijiji na kitongoji, siku aliyoanza kuugua, siku aliyofika kituoni, maji anayotumia, alikokuwa katika siku 5 zilizopita, na matokeo ya matibabu. Siku ya kuanza kuugua ina maana kubwa kuliko siku ya kufika kituoni. Anayeandika siku ya kufika pekee huchora picha ya barabara na usafiri, siyo ya maradhi.

Hatua ya nne ni kuchora. Idadi ya wagonjwa ikipangwa kwa siku, umbo lake husema jambo. Wakipanda ghafla na kushuka ghafla, huenda wengi walikunywa au kula kutoka mahali pamoja: kisima kimoja, au karamu moja. Wakiongezeka taratibu kwa mawimbi, maradhi yanapita kutoka kaya hadi kaya. Katika bonde la Mara ramani huongeza swali jingine: je, wagonjwa wanafuata mkondo wa mto, au wanafuata barabara na siku za mnada? Jibu la kwanza hupeleka dawa ya kutibu maji mtoni na visimani; la pili hupeleka maafisa afya sokoni na kwenye vituo vya mabasi.

Hatua ya tano ni kulinganisha. Kuwauliza wagonjwa pekee hakutoshi. Ikiwa wagonjwa wote walikunywa maji ya mto, na wazima wote wa kijiji hicho nao walikunywa maji ya mto, bado haijathibitika kitu. Lazima wazima waulizwe maswali yale yale. Aidha wagonjwa 50 katika kijiji cha watu 1,000 ni msiba wa namna nyingine kuliko wagonjwa 50 katika mji wa watu 20,000. Idadi isiyolinganishwa na watu waliopo hupotosha.

Hatua ya sita ni kupima maji. Wakati wa mlipuko, maji ya bomba yanatakiwa yawe na klorini iliyobaki isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita yanapotoka bombani, na 0.2 yanapokuwa ndani ya nyumba. Vipimo hivyo viwili vikichukuliwa pamoja huonyesha kama uchafu unaingia bombani au unaingia katika ndoo na mtungi.

Kuna hadhari moja hapa. Mwanzoni mwa mwaka 2015 kipindupindu kilizuka katika kaunti ya Migori nchini Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Tarime. Mwezi Mei mwaka huo kilizuka Kagunga, mkoani Kigoma, miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi. Mwezi Agosti kilizuka Dar es Salaam na kuenea karibu nchi nzima, Mkoa wa Mara ukiwamo, na visiwa hivi pia. Ni rahisi kusema tukio la kwanza ndilo lililozaa la pili na la pili likazaa la tatu. Lakini kutangulia si kusababisha. Bila orodha za wagonjwa, safari zao na vipimo vya maabara vinavyolinganisha vijidudu vya mahali na mahali, msemo wa namna hiyo hubaki kuwa dhana, na mara nyingi huwa lawama kwa jirani au mkimbizi. Mfuatiliaji mwema huandika alichokiona, na anachokidhani akakiweka kando.

5. Tarakimu zinasema nini

Tanzania ilitoa taarifa ya kipindupindu kwa mara ya kwanza katika zama hizi mwaka 1974, na tangu 1977 maradhi hayo yamekuwa yakirudi mara kwa mara. Hapa Zanzibar mlipuko wa kwanza wa kipindi hiki ulikuwa wa mwaka 1978, ulioanzia katika kijiji cha wavuvi. Wagonjwa walikuwa 411 na vifo 51. Zipo tarakimu tatu za taifa zinazofaa kuwekwa pamoja.

Mwaka 1992: wagonjwa 18,526, vifo 2,173.
Mwaka 1997: wagonjwa 40,249, vifo 2,231.
Kuanzia Agosti 2015 hadi tarehe 20 Aprili 2016: wagonjwa 24,108, vifo 378.

Vifo vikigawanywa kwa wagonjwa, mwaka 1992 walifariki karibu watu 12 katika kila wagonjwa 100. Mwaka 1997 walifariki kati ya 5 na 6. Katika mlipuko ulioanza 2015 walifariki chini ya 2. Kwa upande wa Zanzibar mwaka 1978 walifariki zaidi ya 12 katika kila 100. Kiwango kinachotakiwa ni chini ya mtu 1 katika kila 100.

Msomaji azitazame tarakimu hizo mara mbili. Mara ya kwanza ataona faraja: wahudumu wa afya wamejifunza kutibu, maji ya chumvi na sukari yamefika vijijini, na kambi za matibabu hufunguliwa mapema. Mara ya pili ataona jambo la kusikitisha. Wagonjwa hawakupungua kwa kadiri vifo vilivyopungua. Mwaka 1992 walikuwa zaidi ya 18,000. Miaka zaidi ya 20 baadaye walikuwa zaidi ya 24,000 katika miezi 8 tu. Hata tukio la idadi ya watu kuongezeka nchini haliwezi kuifuta hoja hiyo. Hospitali imefanya kazi yake kwa kiasi kikubwa. Kisima, bomba na choo bado vinadaiwa.

Hapo ndipo ufuatiliaji unapoungana na malengo ya afya ya jamii. Idadi ya vifo ni cheti cha utumishi wa tiba. Idadi ya wagonjwa ni cheti cha utumishi wa maji na usafi. Taarifa inayotaja idadi moja na kuiacha nyingine ni nusu ya taarifa.

6. Malengo yaliyowekwa na yaliyofikiwa

Malengo si jambo geni. Mwaka 1971 Serikali ya Muungano iliweka mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wa vijijini maji safi karibu na makazi yao, ndani ya mita 400, ifikapo 1991. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio na vikundi vya kujisomea. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vingi vilichimbwa. Baadaye yakaja Malengo ya Milenia, yaliyotaka uwiano wa watu wasio na maji salama upungue kwa nusu kufikia 2015. Mwaka huo huo wa 2015 Umoja wa Mataifa ukaweka Malengo ya Maendeleo Endelevu: lengo la 3 linataka, pamoja na mengine, kupambana na maradhi yanayotokana na maji ifikapo 2030, na lengo la 6 linataka maji salama na vyoo kwa wote. Mwezi Oktoba 2017 nchi na mashirika yanayoshughulikia kipindupindu duniani yakakubaliana kupunguza vifo vya maradhi hayo kwa asilimia 90 ifikapo 2030. Tanzania Bara ilianza kampeni ya Nyumba ni Choo mwaka 2017, na mwaka 2019 ikaunda wakala wa maji vijijini, RUWASA. Zanzibar nayo ilitengeneza mpango wake wa kutokomeza kipindupindu wa miaka 2018 hadi 2027.

Tofauti ya lengo na nia njema ni kipimo. Mwaka 1991 ulipofika, maji ndani ya mita 400 hayakuwa yamemfikia kila mwananchi, na palipojengwa mabomba mengi yaliharibika kwa kukosa mafuta, vipuri au mtunzaji. Waliohesabu mabomba yaliyojengwa waliona mafanikio. Waliohesabu mabomba yanayotoa maji waliona jambo jingine. Kipindupindu ni mkaguzi asiyekubali hesabu ya kwanza. Kinapozuka katika kijiji ambacho kwenye makaratasi kina maji safi, kinakuwa kimeandika ripoti yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo, katika wilaya kama Tarime na Serengeti, orodha ya wagonjwa haipaswi kuishia katika kabati la mganga mkuu wa wilaya. Vijiji vinavyorudi katika orodha mlipuko baada ya mlipuko ndivyo vinavyostahili kuwa vya mwanzo katika bajeti ya maji. Bwawa la Manchira, karibu na mji wa Mugumu, lilijengwa ili kuupatia maji mji huo na vijiji vya jirani. Ramani ya maradhi ikiwekwa juu ya ramani ya mabomba, itaonekana wapi huduma imefika na wapi bado. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji ofisi ya afya na ofisi ya maji zikae katika meza moja.

Visiwa hivi vina mfano wao. Mapema mwaka 2009 ilitolewa chanjo ya kunywa ya kipindupindu katika shehia 6 za Unguja na Pemba zilizochaguliwa kwa sababu kumbukumbu za miaka iliyopita zilionyesha kwamba maradhi hurudi huko. Karibu watu 24,000 walipata dozi zote mbili, ambao ni kama nusu ya waliokusudiwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba chanjo iliwakinga waliochanjwa kwa asilimia 79, na hata majirani wasiochanjwa walipata nafuu. Bila madaftari ya miaka ya nyuma, shehia hizo zisingejulikana. Hata hivyo chanjo hununua muda tu. Muda huo usipotumika kujenga vyoo na kutengeneza mabomba, maradhi hurejea, kama yalivyorejea mwaka 2015.

7. Vikwazo

Kikwazo kikubwa cha ufuatiliaji si ukosefu wa mashine. Ni woga. Mfanyabiashara anaogopa soko litafungwa. Kiongozi wa kijiji anaogopa ataonekana mzembe. Mtumishi anaogopa kupeleka habari mbaya juu. Nchi nazo zimewahi kuogopa kupoteza watalii na wanunuzi wa samaki. Hivyo huandikwa "kuhara" pale palipostahili kuandikwa "kipindupindu", na siku 3 au 4 hupotea. Katika siku hizo mgonjwa mmoja huwa kumi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika mwezi Juni 2007, zinazitaka nchi kutoa taarifa mapema za matukio ya hatari, na kwa upande mwingine zinazitaka nchi nyingine zisiweke vikwazo vya biashara na safari visivyo na sababu ya kiafya. Kinachotakiwa kimataifa kinatakiwa pia katika shehia: anayetoa taarifa asiadhibiwe, na familia ya mgonjwa isinyanyapaliwe.

Kikwazo cha pili ni kimya. Kituo kisicholeta ripoti ya wiki hudhaniwa kuwa hakina wagonjwa, kumbe huenda mhudumu wake yuko likizo au simu imezimika. Ndiyo maana kila kituo kinatakiwa kuandika "sifuri" pale ambapo hakuna mgonjwa. Sifuri iliyoandikwa ni habari. Nafasi tupu si habari.

Kikwazo cha tatu ni mpaka. Mto Mara hauna pasipoti. Wilaya za Tarime na Serengeti haziwezi kufaulu peke yake bila wenzao wa ng'ambo kuwapigia simu siku ile ile mgonjwa anapoonekana. Mwaka 2018 wilaya za Ngorongoro, Longido na Monduli mkoani Arusha ziliripoti kipindupindu. Ngorongoro inapakana na Serengeti. Jirani anayejua mapema hujitayarisha mapema, na hali ni hiyo hiyo baina ya Tanga, Bagamoyo, Dar es Salaam na bandari za Unguja na Pemba.

8. Wajibu wa kila mmoja

Masheha: kifo chochote cha kuharisha, hata cha mtu aliyefia nyumbani, kipelekewe taarifa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Maiti ioshwe kwa maelekezo ya afisa afya.

Walimu: skuli ambayo watoto kadhaa wa darasa moja wameacha kuja kwa kuharisha isisubiri mwisho wa wiki.

Watumishi wa vituo vya afya: siku ya kuanza kuugua, mtaa na chanzo cha maji viandikwe kwa kila mgonjwa. Neno "mjini" si anwani.

Watumishi wa maji: vipimo vya klorini viandikwe na vipelekwe ofisi ya afya, hata vinapokuwa vibaya, na hasa vinapokuwa vibaya.

Makarani na maafisa wa mipango: orodha za milipuko iliyopita zihifadhiwe. Kumbukumbu ya miaka 10 iliyopita ndiyo inayoonyesha wapi pa kuchimba kisima mwaka huu.

Wananchi: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, chakula kiliwe cha moto. Mgonjwa aanze kupewa maji ya chumvi na sukari nyumbani huku akipelekwa kituoni. Asicheleweshwe kwa kutafutwa dawa nyingine.

9. Hitimisho

Mama anayeteka maji mtoni katika kijiji cha Tarime na mama anayeteka maji kisimani Pemba hawajuani, lakini wanadai haki moja. Wote wawili watahesabiwa siku wakiugua. Kinachotakiwa ni wahesabiwe pia kabla ya kuugua, siku wanapokosa bomba na choo. Mwaka 2030 si mbali. Utakapofika, haitoshi kusema kwamba wagonjwa wachache walifariki. Itabidi madaftari ya zahanati, yaliyoandikwa kwa uaminifu, yaonyeshe sifuri wiki baada ya wiki, na sifuri hiyo iwe ya kweli.